Ngoma si Mgeni Katika Urithi wa Wamonaki

Hapa Mtwara, kuanzia Ufukoni hadi Majengo, kuna fikra moja iliyozoeleka hata haiulizwi tena. Utaikuta kwenye vikao vya kwaya, kwa wazee wa parokia, na siku hizi hata kwa vijana waliotoka seminari. Inasema hivi: muziki wa Kanisa tuliopokea kwa Wabenediktini ni muziki wa utulivu na uzito, uliotunzwa na wamonaki karne kwa karne bila kuchanganywa na makelele ya mtaani. Ngoma, vigelegele na mahadhi ya kwetu viliingia baadaye, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, vikavumiliwa. Kwa hiyo anayetaka heshima ya zamani irudi apunguze ngoma, na anayeng'ang'ania ngoma akubali kwamba ameupa mgongo urithi wa wamonaki.

Naikataa fikra hii nzima nzima. Siikatai kwa kudharau wimbo wa Kigregori. Mtu aliyewahi kukaa kwenye Masifu ya Jioni pale abasia ya Ndanda, zaburi ikipokezana upande kwa upande, hawezi kuudharau. Naikataa kwa sababu historia haiungi mkono, na kwa sababu kosa hili linatugharimu: linawafanya watunzi wetu waombe radhi kwa kuwa na masikio ya Kimakonde, Kimakuwa na Kiyao.

Shahidi wangu wa kwanza ni mmonaki. Adriano Banchieri alizaliwa Bologna, kaskazini mwa Italia, mwaka 1568, akapewa jina la Tommaso. Mwaka 1587 aliingia kwa Waolivetani, tawi la familia ya Mtakatifu Benedikto lililoanza mwaka 1313, ambalo wafuasi wake huvaa kanzu nyeupe badala ya nyeusi. Huko akapewa jina la Adriano, na mwaka 1590 akaweka nadhiri. Kanuni aliyoapa kuishika ndiyo hiyohiyo inayosomwa leo Ndanda, Peramiho na Hanga. Alifundishwa muziki na Gioseffo Guami, akapiga kinanda katika monasteri mbalimbali, ikiwemo ya Imola, kisha akatulia San Michele in Bosco, monasteri iliyokuwa juu ya kilima nje kidogo ya mji wake. Alifariki mwaka 1634. Tangu ujana hadi kaburini hakuivua kanzu.

Mtu huyu alitunga Misa, zaburi na nyimbo nyingine za ibada kwa wingi. Mkono huohuo mwaka 1598 ulitoa La pazzia senile, kichekesho cha nyimbo juu ya uzee uliopagawa na mapenzi. Mwaka 1605 ukatoa Barca di Venetia per Padova, safari ya mashua kutoka Venisi kwenda Padova, ambamo wavuvi, muuza vitabu wa Firenze, mwalimu wa muziki wa Lucca na abiria wengine wanaimba kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Mwaka 1608 ukatoa Festino, burudani ya jioni ya Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, wakati watu wanasubiri chakula cha usiku. Wanaingia wazee, wanaingia waliovaa vinyago, Shangazi Bernardina anasimulia ngano, wachuuzi wa vifaa vya kusokotea uzi wanapita wakinadi bidhaa zao. Hakuna jukwaa wala mavazi. Waimbaji wanakaa na madaftari yao ya sauti, na mji mzima unaishi ndani ya sauti hizo.

Katika Festino ndimo ulimo wimbo ambao kwaya za nchi nyingi huuimba hadi leo, Contrappunto bestiale alla mente. Tuutazame kwa karibu. Besi anaimba polepole, noti ndefu ndefu, kama mmonaki anayeshikilia wimbo wa Kigregori ili wenzake waujengee juu yake. Maneno yake yana sauti ya Kilatini, lakini ni Kilatini cha mzaha. Juu yake mbwa anabweka, paka analia, ndege kekeo anaita, bundi anajibu. Kila mnyama na kilio chake, kila kilio na mapigo yake. Msikilizaji anacheka. Mwimbaji naye anagundua jambo la pili: wimbo huu umejengwa kwa ufundi uleule waliotakiwa kuwa nao waimbaji wa kanisani wa zama zile, yaani kuinua sauti juu ya wimbo mkuu papo kwa papo, kichwani, bila kuandikiwa. Mbwa akichelewa nusu pigo, paka anapotea. Asiyeijua kazi ya kanisani hawezi kukitunga kichekesho hiki, na asiyeiheshimu hawezi kukiimba.

Hapo wenzangu watanijibu, na nawajua majibu yao. La kwanza: huyo alikuwa mmonaki wa sura mbili, mchana kanisani, usiku kwenye upuuzi, na bila shaka alijificha. Ni kweli alikuwa na jina la kuazima, Camillo Scaligeri dalla Fratta, alilolitumia kwenye maandishi yake ya hadithi na michezo ya kuigiza. Lakini Festino na Barca vilichapishwa kwa jina lake mwenyewe, Adriano Banchieri, vikauzwa hadharani. Wakuu wake hawakumfukuza wala kumnyamazisha. Shirika lilimpa cheo cha heshima cha abate. Watu walioishi naye chini ya Kanuni moja, waliosali naye usiku na alfajiri, hawakuona ugomvi kati ya zaburi zake na mbwa wake. Sisi tulio mbali naye kwa miaka mia nne tunauona kwa mamlaka gani?

Kuna atakayefungua Kanuni yenyewe na kunionyesha sura ya 6, ambapo Mtakatifu Benedikto anakataza maneno ya upuuzi na yenye kuchochea kicheko. Namwomba asiishie hapo. Aende sura ya 57, ambapo mafundi wa monasteri wanaruhusiwa kufanya kazi za sanaa zao kwa unyenyekevu, abate akiridhia. Kisha arudi sura ya 19, ambayo ndiyo inayozungumzia uimbaji wenyewe. Kipimo kinachotolewa pale ni kimoja: mtu asimame kuimba zaburi akili yake ikipatana na sauti yake. Sura hiyo haitaji ala, haitaji mwendo wa polepole wala wa haraka. Mama wa Chikongola anayepiga kigelegele wakati wa Utukufu, akili yake na sauti yake vikiwa kitu kimoja, ameitimiza sura ya 19 kuliko mwanakwaya anayetamka Kilatini asichokielewa huku akichungulia saa.

Jibu la pili ndilo zito, na anayelitoa anastahili kusikilizwa. Anasema: Banchieri mwenyewe alitenganisha. Mbwa wake hakumpeleka kwenye Misa, alimwacha kwenye burudani ya Alhamisi. Basi ngoma nazo zibaki uwanjani.

Ni kweli alitenganisha, na alifanya vema. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulikwisha kuagiza kwamba makanisani usiwepo muziki wenye uchafu au ashiki ndani yake, naye aliishi chini ya agizo hilo. Lakini tuangalie mpaka wenyewe ulipita wapi. Uliuliza wimbo unafanya kazi gani na unaipeleka wapi akili ya mwamini. Haukuuliza mahadhi yametoka kwa kabila gani. Na hata huo mpaka ulikuwa na milango. Tangu karne ya 15 watunzi wa Ulaya walichukua wimbo wa mtaani uitwao L'homme armé, wimbo wa mtu mwenye silaha, wakaufanya uti wa mgongo wa Misa zao. Palestrina, ambaye hao wanaotaka muziki safi humtaja kama kilele cha usafi, alichapisha Misa mbili juu ya wimbo huo, moja mwaka 1570, nyingine mwaka 1582, zote baada ya Trento. Wimbo wa mtaani uliingia ndani ya Bwana Utuhurumie na ukatoka na Mwanakondoo. Sasa huo muziki ambao haukuwahi kuchanganywa na mtaa ni upi?

Wala kulinganisha ngoma na mbwa wa Banchieri hakufai. Mbwa yule aliandikwa achekeshe. Ngoma ya Kimakonde haikuumbwa ichekeshe. Inalia kwenye furaha na kwenye msiba, inamtoa mtoto jandoni, inamsindikiza marehemu. Ni chombo cha mambo mazito ya watu wetu, na kwa sababu hiyo ina haki ya kuulizwa, kama chombo kingine chochote, itumikeje ndani ya ibada. Kuulizwa itumikeje ni jambo moja. Kufukuzwa kwa sababu ya kwao ni jambo jingine kabisa.

Jibu la tatu husema kwamba Banchieri alikuwa mchekeshaji tu, jina dogo, asitumike kama mfano wa wamonaki wote. Huyu jina dogo ndiye aliyetoa Concerti ecclesiastici mwaka 1595, nyimbo za kwaya mbili zilizochapishwa pamoja na sehemu ya besi ya mpiga kinanda, miaka saba kabla Mfransisko Viadana hajatoa mkusanyo wake maarufu wa mwaka 1602. Mwaka 1605 alitoa L'organo suonarino, kitabu cha kumwongoza mpiga kinanda namna ya kuitumikia liturujia: wapi aipokee kwaya, wapi aiachie, namna ya kuijenga sauti yote juu ya mstari mmoja wa besi. Aliandika vitabu vya kufundishia nadharia ya muziki vilivyotolewa tena na tena. Wakati mtaalamu wa Bologna, Giovanni Maria Artusi, anamshambulia Claudio Monteverdi kwa kuvunja sheria za muziki, Banchieri alimsifu Monteverdi katika maandishi yake. Mwaka 1615 alianzisha pale monasterini chama cha wanamuziki, Accademia dei Floridi, na mwaka 1620 Monteverdi mwenyewe alifika kuwatembelea.

Wapiga kinanda wetu wanapaswa kulijua jina hilo. Kijana anayeketi mbele ya kinanda kigangoni, hana noti za sauti zote nne, ana mstari wa besi na chodi zilizoandikwa kwa kalamu, na mkono wake wa kulia unajaza yaliyobaki: kijana huyo anafanya kazi ileile ambayo Banchieri alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuifundisha vitabuni. Wengine humdharau kwamba hajui muziki wa kweli. Anafuata njia iliyofunguliwa na mmonaki.

Basi kama historia iko hivi, picha ya mmonaki asiyejua kucheka wala kugusa ngoma ilitoka wapi? Ilitoka karne ya 19. Baada ya monasteri nyingi za Ulaya kufungwa na serikali, wamonaki waliorudi walijijenga upya kwa kuchimbua nyimbo za kale. Solesmes ya Ufaransa iliongoza kazi hiyo, na Beuron ya Ujerumani ikaipenda sana. Andreas Amrhein, aliyeanzisha mwaka 1884 shirika lililokuja kuitwa la Mtakatifu Ottilien, alikuwa mmonaki wa Beuron. Wamisionari wake walifika pwani yetu mwaka 1888, Dar es Salaam na Pugu. Mwaka 1903 Papa Pius X alitoa agizo lake juu ya muziki mtakatifu, akausifu wimbo wa Kigregori kuwa kielelezo, akakataza ngoma, matoazi na ala nyingine za makelele. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliziteketeza misheni za Lukuledi na Nyangao, na mwaka 1906 wamonaki wakaanza upya Ndanda.

Tazama hesabu hiyo. Ndanda ilipoanza, agizo la kukataza ngoma lilikuwa na umri wa miaka mitatu. Wamonaki waliokuja kwetu walileta kitu cha thamani, lakini walichokileta kilikuwa marekebisho ya zama zao. Babu zetu wakakipokea wakidhani ni desturi ya tangu mitume. Wamisionari siwalaumu, walileta walichokuwa nacho. Tatizo ni sisi, ambao tuna vitabu na nafasi ya kuuliza, tunaoendelea kuita desturi ya kale jambo lililokuja na meli moja na wao.

Na agizo lenyewe la 1903 halisomwi lote. Sentensi iliyokataza ngoma ilianza kwa kukataza piano. Leo makanisa yetu yamejaa vinanda vya umeme vyenye sauti ya piano, na hakuna mzee anayeinuka kulalamika. Kama sheria ile bado inashika, ishike vyote. Kama imelegea kwa kinanda cha dukani, imelegea pia kwa ngoma iliyochongwa Newala. Tena agizo hilohilo lilikubali kwamba kila taifa laweza kuingiza katika nyimbo za Kanisa mitindo ya muziki wake wa asili, mradi itii tabia ya muziki mtakatifu. Mlango ulikuwa wazi tangu hapo.

Kwa upande wetu, ushahidi wa kile kilichokuwepo haukosekani. Mwaka huohuo wa 1906, Karl Weule kutoka Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu, akanasa kwenye nta nyimbo za watu wa huku. Baadaye, mwaka 1927 na 1928, Mbenediktini Meinulf Küsters wa Mtakatifu Ottilien alizunguka kusini mwa Tanganyika akikusanya vitu vya utamaduni na kurekodi nyimbo. Kwa hiyo, miaka zaidi ya thelathini kabla ya Mtaguso, alikuwepo mmonaki aliyeona sauti za watu wetu zinastahili kuhifadhiwa. Kwa Waanglikana wa Masasi, Askofu Vincent Lucas alilijengea jando mahali ndani ya maisha ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Na mwaka 1963 Padre Stephan Mbunga wa upande wa Songea, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alitoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akipitia nyaraka za Roma moja baada ya nyingine ili kuonyesha kwamba sheria na muziki wetu vyaweza kukaa nyumba moja. Desemba ya mwaka uleule Mtaguso ulipitisha hati yake juu ya liturujia, ikaagiza muziki wa jadi wa watu wa nchi za misheni upewe heshima inayostahili na nafasi inayofaa, hata ndani ya ibada yenyewe. Anayesema ngoma ilivumiliwa aisome hati hiyo. Huwezi kuwaagiza watu wakipe heshima kitu ambacho umekivumilia tu.

Gharama ya kuamini kinyume cha haya tunaibeba kila Jumapili. Kwa kuwa ngoma imefundishwa kujiona mgeni, mwalimu wa kwaya anayetaka mdundo anaona afadhali abonyeze kitufe cha kinanda. Mdundo unaotoka hapo ulitengenezwa mbali, haubadiliki, haumsikilizi mwimbaji wala haupumzi pamoja naye. Wakati huohuo vinganga, zile ngoma ndogo za Kimakonde zenye sauti kali, zipigwazo kwa vijiti na kukazwa ngozi kwa moto kabla ya kuanza, zinabaki mikononi mwa wazee wachache. Mpigaji mzuri wa vinganga huongea na mchezaji: anamwita, anamtega, anamjibu. Hii ni taaluma yenye sheria zake, na sheria hizo si nyepesi kuliko za Trento. Tumeiacha mlangoni, tukaingiza kitufe, kisha tunajiita walinzi wa heshima.

Tuliacha na kitu kingine. Mapiko, ngoma ya vinyago inayochezwa na Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, ina jicho kali la kuwaigiza watu: mzee mkorofi, mlevi, askari, mgeni aliyekuja na majivuno yake. Waliovaa vinyago katika Festino ya mwaka 1608 wangejikuta nyumbani uwanjani Kitaya au Mahurunga. Mapiko ina siri zake za jando, na siri hizo ziheshimiwe. Lakini ile akili ya kuutazama mji na kuugeuza kuwa sanaa ndiyo akili ya Banchieri. Mmonaki huyu angefika kwetu angeketi kwanza, asikilize.

Simfanyi mtakatifu asiye na doa. Ndani ya Barca wamo wafanyabiashara Wayahudi walioigizwa kwa dhihaka, na Bologna, mji wake, ulikuwa umewafukuza Wayahudi mwaka 1593, miaka kumi na miwili tu kabla. Kumdhihaki aliyefukuzwa si ushujaa. Doa hilo linatufundisha mpaka ambao hati hazitoshi kuuchora: kuusikiliza mtaa ni pamoja na kuwaheshimu wanaoishi humo. Sisi wa pwani tunaishi na majirani Waislamu wenye maulidi yao, dufu zao na taarabu yao. Mtunzi Mkristo wa Ufukoni atakayejifunza kwao ajifunze kama mgeni mwenye adabu, asichukue cha mwenzake kukifanyia mzaha.

Na ushahidi kwamba jambo hili linawezekana hapahapa tunao mbele ya macho. Ingia kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo. Kuta zimejaa michoro ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani: habari za Biblia kwa rangi kali, watu wakubwa wakubwa, hakuna nafasi iliyoachwa kwa woga. Sijasikia mtu wa Majengo akisema rangi zile zinavunja heshima ya sala. Tunazionyesha kwa wageni kwa fahari. Jicho letu tumelikubalia mmonaki afanye kazi kwa ujasiri ndani ya kanisa. Kwa nini sikio tulinyime?

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri barua kutoka Roma. Kwaya zetu ziwaite wapigaji wa vinganga wawe walimu, wakae na walimu wa kwaya, wapange pamoja mdundo gani unafaa maandamano ya matoleo, upi unafaa Utukufu, na wapi ngoma inyamaze kabisa. Kunyamaza nako ni sehemu ya ufundi. Vijana wanaoingia Ndanda wapewe nafasi ya kujifunza utunzi kwa noti na kwa ngoma, vyote viwili, kwa ukali uleule. Rekodi zilizochukuliwa huku na Weule na Küsters ziombwe nakala, zisikilizwe na wajukuu wa walioimba. Alhamisi inayotangulia Jumatano ya Majivu, nje ya kanisa, parokia ziandae jioni ya nyimbo za mji wetu, zenye kucheka na kufikirisha. Nani atatuandikia kivuko cha Msangamkuu, wamama wa samaki, mwanafunzi, mnunuzi wa korosho na mzee wa Kimakonde wakiimba kila mmoja kwa lafudhi yake, sauti tano zikikutana juu ya maji? Banchieri aliufanyia hivyo mfereji wa kwenda Padova. Bahari yetu haina upungufu wowote.

Naye atakayefanya haya asiambiwe ameacha urithi. Urithi wa wamonaki watunzi haukuwa aina moja ya sauti, na waliodai hivyo walikuja baadaye. Urithi wao ulikuwa kuijua kazi hadi mwisho, kuifanya kwa unyenyekevu, na kuusikiliza mji unaokuzunguka hata mbwa wake. Anayetaka kuzipunguza ngoma kanisani ana haki ya kuleta hoja zake, za liturujia, za ufundi au za malezi, nasi tutajibizana naye kwa heshima. Lakini asijifiche tena nyuma ya kanzu ya wamonaki, kwa kuwa wamonaki hawako upande wake.